Kuishi Ndani ya Boti Kwenye Mifereji ya Uingereza: Jipange kwa Ajili ya Januari

Mwezi Julai mfereji wa Uingereza humvuta kila apitaye kando yake. Mabata yanaelea na vifaranga vyao, wenye boti wameketi juu ya mapaa wakinywa chai, na jua halizami mpaka saa tatu usiku. Mpita njia akikumbuka kodi anayolipia chumba kimoja London au Bristol, moyo unaanza kupiga hesabu papo hapo. Waswahili tuishio huku nasi tumo katika hesabu hiyo. Wauguzi, madereva, wanafunzi wa uzamili, wote nimewasikia wakiuliza: je, boti inafaa kuwa nyumba?

Inafaa, tena sana, kwa aliyejipangia Januari. Huo ndio mwezi ambao jua linazama saa kumi jioni, bomba la maji kando ya mfereji limeganda, njia iliyo mbele imefungwa kwa matengenezo na choo kinakaribia kujaa. Nyumba ya nchi kavu ina watu wanaoshughulikia maji, taka, umeme na joto lake bila wewe kuwaona. Botini watu hao ni wewe. Kwa hiyo kila hatua iliyo hapa chini naomba uipime kwa swali moja: Januari itakuwaje?

Ninazungumzia njia za maji za England na Wales zilizo chini ya Canal & River Trust, taasisi iliyorithi kazi hiyo kutoka British Waterways mwaka 2012 na inayosimamia takriban kilomita 3,200 za mifereji na mito. Mto Thames, sehemu isiyofikiwa na maji ya bahari, uko chini ya Environment Agency. Maji ya Norfolk na Suffolk yana Broads Authority. Scotland ina Scottish Canals. Kila mmoja ana kanuni zake, kwa hiyo anza kwa kujua maji unayoyataka ni ya nani.

Hatua ya 1: Jua utalala wapi kabla ya kutazama boti yoyote

Wengi hununua boti kwanza, kisha wakaanza kutafuta pa kuiweka. Hapo ndipo wanapoumia. Sheria ya British Waterways ya mwaka 1995 inakupa njia mbili tu. Ya kwanza ni kuwa na kituo cha kudumu, mahali ambapo boti yako inaweza kuwekwa kihalali. Ya pili ni kusafiri kwa kweli mwaka mzima, bila kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, isipokuwa kuna sababu ya maana.

Njia ya pili ndiyo inayowavuta wenye mfuko mwembamba, kwa kuwa hulipii kituo. Lakini ielewe vizuri. Kutoka daraja hili hadi lile, kisha kurudi ulikotoka, na tena hivyohivyo mwaka mzima, hakuhesabiwi kuwa ni kusafiri. Trust imesema wazi kwamba boti ambayo kwa mwaka mzima haikutoka nje ya eneo la kilomita 32 itapata taabu kuwaridhisha. Wafanyakazi wao hupita kando ya maji wakinakili namba za boti, na kumbukumbu hizo ndizo zinazosomwa siku ya kuhuisha leseni. Anayekaidi anaweza kupewa leseni ya muda mfupi, au kunyimwa kabisa, na mwisho wa njia hiyo ni boti kuondolewa majini kwa nguvu ya kifungu cha 8 cha sheria ya mwaka 1983. Injini ikiharibika, maji yakiganda au ukiugua, waandikie mapema uombe siku za ziada, na uhifadhi majibu. Wenye ulemavu na wajawazito wanaweza kuomba masharti yalegezwe.

Basi chukua ramani na kalamu. Weka alama mahali pa kazi, shule ya watoto, vituo vya treni. Kwa anayefanya kazi katikati ya London, mfereji wa Grand Union una fadhila kubwa: reli ya kwenda Euston inaandamana nao kwa masafa marefu. Unaweza kuanzia Watford, ukapanda Kings Langley, Hemel Hempstead, Berkhamsted, Tring, Leighton Buzzard, hadi Wolverton karibu na Milton Keynes, na karibu kila unapofunga boti kuna stesheni usiyohitaji basi kuifikia. Masafa hayo yanavuka zile kilomita 32 bila shida. Ndani ya London yenyewe, kwenye Regent's Canal na mto Lee, boti zimejaa hata huwa zinafungwa mbili mbili ubavu kwa ubavu, na unaweza kutafuta nafasi hadi giza likuingilie.

Sasa weka Januari juu ya ramani hiyo. Kuanzia Novemba hadi Machi Trust hufunga loki kadhaa, yaani vyumba vya maji vinavyopandisha au kushusha boti, kwa matengenezo na hutangaza orodha mapema. Isome kabla ya kupanga safari, usije ukakwama kati ya loki mbili zilizofungwa, mbali na bomba la maji. Wasio na kituo wanaweza pia kununua kibali cha majira ya baridi, kinachowaruhusu kukaa mahali pamoja kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Februari. Kwa mwaka wako wa kwanza nakusihi ukinunue.

Ukichagua kituo cha kudumu, uliza swali hili na upewe jibu kwa maandishi: je, naruhusiwa kuishi hapa? Vituo vingi ni vya kuwekea boti ya mapumziko tu. Vilivyoidhinishwa kuwa makazi ni vichache na ghali. Mkataba wa mapumziko ukigundulika kuwa umeugeuza makazi, unaweza kutakiwa uondoke.

Hatua ya 2: Nunua chuma, usinunue pazia

Boti ya kawaida ya mifereji hii ni nyembamba mno: upana wake ni mita 2.08. Imebana hivyo kwa sababu loki za mifereji ya katikati ya nchi, zilizochimbwa tangu karne ya 18, zina upana wa kama mita 2.1 tu. Zipo boti pana za mita 3 na zaidi, na ukiingia ndani unahisi uko sebuleni. Uzuri huo una bei yake: mifereji myembamba yote imekufungia mlango, na nafasi ya kufunga boti inakuwa ngumu zaidi. Kwa urefu, mita 17.4 ndicho kipimo kinachopita karibu kila mahali. Boti ya mita 21 ina nafasi tele, lakini haiingii kwenye loki fupi za kaskazini, kama zile za Calder and Hebble.

Ndani ya boti muuzaji atakuwa amepaka rangi, ametandika mito na kuwasha mishumaa. Macho yako yasiishie hapo. Unachonunua ni bamba la chuma lililo chini ya maji. Boti nyingi za kisasa hujengwa kwa chuma cha milimita 10 chini, 6 ubavuni na 4 kwenye kuta za chumba. Kutu huila taratibu. Tafuta mkaguzi wako mwenyewe, usikubali wa muuzaji, boti ipandishwe gudi, na chuma kipimwe unene kwa mawimbi ya sauti mahali pengi. Kampuni nyingi za bima husita kuikubali boti ambayo chini yake pameshuka chini ya milimita 4, na kuchomelea mabamba mapya ni maelfu ya pauni.

Kila baada ya miaka miwili au mitatu boti hutolewa majini, ikasafishwa na kupakwa lami upya. Aliyekulia pwani ameona majahazi yakipakwa deheni maji yakitoka. Kazi ni ileile, ila hapa unalipia gudi. Wakati huohuo angalia vipande vya magnesi vilivyounganishwa ubavuni. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya boti, kwa hiyo vikiisha inaliwa boti. Na ukiwa kituoni umechomeka umeme wa nchi kavu, hakikisha kuna kitenganishi cha galvaniki kwenye waya wa ardhi. Bila hicho boti yako na za majirani zinaunganika kupitia waya huo, na chuma chako kinaweza kuliwa usiku na mchana.

Fedha: mkopo wa nyumba wa kawaida haupatikani kwa boti. Mikopo ya boti ipo, ni ya muda mfupi na riba yake iko juu. Hakuna pia daftari la serikali la umiliki kama la viwanja, na leseni ya Trust haithibitishi kwamba aliyeiandikisha ndiye mwenye mali. Omba mlolongo wa hati za mauzo tangu kiwandani, zilinganishe na kitambulisho cha muuzaji, na usitume amana kwa boti ambayo hujaikanyaga.

Kabla ya yote hayo, kodi boti kwa wiki moja wakati wa baridi. Kampuni nyingi hufunga majira hayo lakini zipo zinazokodisha mwaka mzima, tena kwa bei nafuu. Wiki hiyo itakufundisha mengi kuliko ukurasa huu.

Hatua ya 3: Makaratasi matatu

Bima. Cheti cha Boat Safety Scheme, kinachodumu miaka 4 na kinachohusu gesi, umeme, mafuta, hewa na moto. Kisha leseni, ambayo haitoki bila hayo mawili. Leseni hutozwa kwa urefu na upana wa boti, na kwa boti ya mita 17 imeshavuka pauni 1,000 kwa mwaka. Tangu Aprili 2024 boti zisizo na kituo zinatozwa nyongeza iliyopangwa kupanda kila mwaka kwa miaka mitano, kwa hiyo hesabu za mtu aliyenunua zamani zisikupumbaze.

Hatua ya 4: Joto, na hewa inayoendana nalo

Boti nyingi zina jiko la chuma la kuni na makaa katika chumba cha mbele. Tumia makaa yasiyo na moshi na kuni zilizokauka vizuri. Jioni likishashika, jaza makaa, bana matundu ya chini mpaka yabaki kama upana wa unyasi, na asubuhi utakuta bado lina uhai. Juu yake weka sufuria ya maharage tangu saa nne asubuhi; jioni yameiva bila kutumia gesi hata kidogo. Makaa, dizeli na mitungi ya gesi huletwa na boti za wachuuzi zinazopita kwa ratiba. Jua ratiba ya anayepita kwako, na uwe na akiba ya wiki mbili, kwa sababu maji yakiganda naye hapiti.

Hapa nitasimama kidogo, maana ndipo watu hufa. Sisi tuliokulia kwenye jiko la mkaa tumewahi kusikia habari za familia iliyolala na jiko ndani na haikuamka. Gesi ile, monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi, na boti ni chumba kidogo cha chuma. Tangu Aprili 2019 king'ora cha kugundua gesi hiyo ni sharti la cheti cha usalama. Kijaribu kila wiki kwa kubonyeza. Safisha dohani. Badilisha kamba ya kuzibia mlango wa jiko ikichakaa. Kuta na paa zina matundu ya hewa yaliyowekwa kwa hesabu, na usiku wa barafu mkono utatamani kuyaziba kwa tambara. Usiyazibe. Na jiko la mkaa la kuchomea nyama nje lisiingie ndani kamwe, hata likionekana limezimika. Mkaa unaofifia hutoa sumu hiyo kwa wingi.

Gesi ya kupikia nayo ina hatari yake. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haitoki dirishani. Inashuka hadi ngamani, chini ya sakafu, ikakaa kusubiri cheche. Ndiyo maana mitungi huwekwa kwenye kasha la pekee, mara nyingi kwenye omo, lenye matundu ya kumwaga gesi nje. Kamwe usiyafunike kwa kamba au magunia. Nunua propeni, ile ya mitungi myekundu. Buteni, ya mitungi ya buluu, huacha kutoka hewa ikikaribia nyuzi sifuri, na utakuta chai haichemki asubuhi ambayo unaihitaji zaidi.

Unyevu utakusumbua kuliko baridi. Mvuke wa pilau, pumzi za watu wawili na nguo zinazoanikwa ndani hugeuka maji kwenye fremu za madirisha, yakatiririka nyuma ya kuta, na ukungu mweusi ukafuata. Pika na kifuniko, fungua dirisha unapopika, inua godoro juu ya chaga ili hewa ipite chini yake, na nguo zifulie dobi la mjini.

Hatua ya 5: Fanya hesabu ya umeme kwa karatasi

Usinunue paneli wala betri kabla ya hesabu hii. Chukua mtu anayefanya kazi kwa kompyuta. Friji ndogo ya volti 12 hula kama wati-saa 500 kwa siku. Kompyuta ya mapajani ya wati 60 kwa saa 6 ni 360. Taa, pampu ya maji, simu na intaneti, weka 200. Jumla ni 1,060 kwa siku, sawa na kama ampea-saa 88 kwenye volti 12. Betri nne za asidi za ampea-saa 110 zinaonekana nyingi, lakini zikishushwa chini ya nusu mara kwa mara zinakufa, kwa hiyo kilichopo kwa matumizi ni 220: siku mbili na nusu.

Sasa paneli za sola. Za wati 400 zilizolazwa juu ya paa zitakupa karibu wati-saa 1,800 siku nzuri ya Juni. Desemba na Januari zitakupa 200, siku nyingine pungufu. Pengo hilo hulizibi kwa kuongeza paneli, maana paa lina mwisho. Unaliziba kwa injini, na hapo kuna kanuni: ukiwa umefunga karibu na wengine, injini na jenereta hazingurumi kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Betri za asidi zina tabia ya kupokea haraka mwanzoni na kuvuta polepole mno zikikaribia kujaa. Ukizima injini kila siku zikiwa asilimia 80, baada ya miezi michache zitakuwa hazifiki tena hata hapo.

Betri za lithiamu hupokea chaji haraka na huruhusu utumie sehemu kubwa zaidi, na kwa anayesafiri mwaka mzima ningezinunua hata kama bei inauma. Ila zina masharti mawili: zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo zikae ndani penye joto, na ziwe na kifaa cha kudhibiti chaji kati yake na altaneta, la sivyo altaneta itaungua. Kifaa chochote kinachotengeneza joto kwa umeme, yaani birika, pasi au mashine ya kukaushia nywele, kisahau. Birika liko juu ya jiko.

Hatua ya 6: Maji na choo

Tangi la lita 400 linawatosha watu wawili siku tano kama kila mmoja anatumia lita 40. Bafu la mvua linazimaliza haraka. Kuoga kwa ndoo na kopo, kama tulivyolelewa, kunatosha kwa lita 10, na huku kwenye mfereji ujuzi huo ni mali. Vituo vya maji, vyoo na taka hufunguliwa kwa ufunguo wa Trust, nunua mbili. Tumia mpira wa maji ya kunywa, usichanganye na wa kuoshea. Utabiri ukitaja barafu, jaza tangi siku moja kabla. Ukisafiri ukaiacha boti tupu wakati wa baridi, zima pampu, toa maji kwenye mabomba na uache koki wazi, vinginevyo maji yataganda na kupasua bomba lililofichika ukutani.

Vyoo viko vya namna tatu. Tangi kubwa hunyonywa na mashine kwenye kituo, kwa malipo. Ukishindwa kufika kituoni, umekwama nalo. Kaseti ni kasha la kama lita 20 unalolibeba mwenyewe hadi mahali pa kumwaga; kuwa na tatu, maana Januari huenda mahali hapo pakawa mwendo wa siku mbili. Cha tatu ni choo cha kutenganisha haja ndogo na kubwa, kinachotegemea ukavu.

Kwa sisi tunaojisafisha kwa maji, jambo hili lina uzito ambao miongozo ya Wazungu haiutaji. Kaseti inapokea maji hayo, lakini hujaa upesi zaidi. Watu wawili wakadirie siku mbili kwa kila kaseti. Choo cha kutenganisha hakitaki maji hata kidogo upande wa haja kubwa, kwani yakiingia harufu inaanza na kazi yote ya kukausha inaharibika. Ukiwa nacho, jisafishe kwa karatasi kwanza, kisha kwa maji juu ya beseni la pembeni, na maji hayo yamwagwe panapomwagwa kaseti. Tena, taka za choo hiki haziruhusiwi kutupwa kwenye mapipa ya Trust tangu mwaka 2021. Mimi ningechukua kaseti. Na kwa wanaoswali, boti inageuka kila unapohama: kibla ni kusini mashariki, kipime upya kwa dira ya simu, ukiiweka mbali na ukuta wa chuma kwa sababu chuma kinaipotosha.

Hatua ya 7: Kuendesha, na loki

Mwendo wa juu ni kilomita 6.4 kwa saa, na unapopita boti zilizofungwa shuka hadi injini inahema tu; mawimbi yako yanang'oa vigingi vyao na kumwaga chai zao. Pita upande wa kulia. Mkono wa usukani ukiusukuma kushoto, omo inakwenda kulia, na tezi inatupwa upande wa pili, utazoea. Breki hakuna, kuna gia ya nyuma, na inahitaji nafasi.

Loki ni chumba cha maji chenye malango pande mbili, kinachopandisha au kushusha boti. Ukishuka, hatari kuu ni kizingiti: ngazi ya zege au mawe iliyo chini ya maji, nyuma ya lango la juu. Maji yakipungua, tezi ikiwa imekaa juu yake, nyuma inabaki hewani, mbele inazama, na boti inaweza kujaa maji kwa dakika chache. Mstari mweupe uliochorwa ukutani unaonyesha mwisho wake. Baki mbele ya mstari huo tangu mwanzo hadi mwisho, na usitazame pengine. Kamba zizungushe tu kwenye nguzo ukiwa umezishika. Ukizifunga fundo, boti itaning'inia. Ukipanda, fungua kwanza vilango vya maji vya ardhini, polepole, na vile vilivyo kwenye lango lenyewe visubiri, kwa maana vikifunguliwa mapema maji huingia moja kwa moja kwenye omo. Hendeli ya kuzungushia vilango hivyo usiiache kwenye ekseli. Kizuizi kikiteleza, inazunguka kwa nguvu ya kuvunja taya. Mmoja abaki kwenye usukani, mmoja kwenye vilango, mkubaliane kwamba akiinua mkono kila kitu kinasimama.

Kabla ya kila safari pima mafuta ya injini na uchungulie ngama. Baada ya kila safari kaza grisi ya ekseli ya pangaboi, pale inapotokea nje, mpaka isidondoshe maji. Pangaboi ikinasa nguo au nailoni, na itanasa, zima injini, toa ufunguo uuweke mfukoni, ndipo ufungue mfuniko wa juu yake na kukata kwa kisu. Ukimaliza, rudisha mfuniko na uukaze kabla ya kuwasha. Boti zimezama kwa kusahau hilo tu.

Kwenye mito ongeza tahadhari. Mvua ya usiku inaweza kupandisha maji mita nzima. Uwe na nanga iliyo tayari, na mto ukiwa umevimba usisafiri. Vaa jaketi la kuokolea kwenye mito na loki, na watoto wavae kila wanapotoka nje. Mfereji wenyewe kwa kawaida una kina cha mita moja au moja na nusu, kwa hiyo ukianguka jaribu kusimama. Aliye kwenye usukani atoe gia papo hapo. Maji ya baridi hukata pumzi kwa dakika ya kwanza, usihangaike kuogelea, elea hadi pumzi irudi. Nawa mikono kila ukigusa maji ya mfereji, maana mkojo wa panya huleta leptospirosi, na ukipata homa kama ya malaria wiki moja au mbili baadaye, mwambie daktari unaishi botini.

Hatua ya 8: Kupatikana

Kujiandikisha kwa daktari wa NHS hakuhitaji uthibitisho wa anwani. Wakikukatalia mapokezi, waambie kwa upole kwamba kanuni zinaruhusu watumie anwani ya zahanati yenyewe. Benki na mwajiri hawalegezi hivyo, basi pata ndugu au rafiki wa kupokea barua zako, au kampuni inayozisambaza. Mwenye viza ahakikishe anwani yake kwa mamlaka ya uhamiaji haipitwi na wakati. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola walio na kibali cha kuishi Uingereza, wakiwemo Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda, wana haki ya kupiga kura, na asiye na anwani anajiandikisha kwa tamko la uhusiano na eneo analokaa zaidi.

Gari la wagonjwa nalo linahitaji kukupata. Karibu kila daraja la mfereji lina namba kwenye kibao. Kila unapofunga boti, andika jina la mfereji, namba ya daraja lililo karibu, barabara inayopita juu yake na upande wa maji uliopo, uibandike karatasi hiyo mlangoni kwa herufi kubwa, ili hata mgeni aliyefika jana aweze kuwasomea wa 999.